Familia Sitini Kwenye Skrini ya Kijani

Nadège, injinia kijana aliyechukua kiti changu kwenye kituo cha pampu, ameniomba niwaandikie yeye na wenzake yale ninayoyajua kuhusu kazi. Nimekaa mezani siku tatu. Ninayoyajua kuhusu pampu yanajaa kurasa mbili, na mtengenezaji wa pampu ameyaandika vizuri kuliko mimi, tena kwa michoro. Vyeo vyangu vinatosha nyuma ya bahasha, na nafasi inabaki ya kuandika vitu vya kununua sokoni. Kwa hiyo nitaandika kuhusu mchezo wa kompyuta. Msinicheke mapema. Mbele kuna sababu nzuri zaidi za kunicheka.

Kituo chetu, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajafika, kiko Panda, hapa Likasi, pembeni mwa kambi ya zamani ya wafanyakazi. Kinavuta maji, kinayapandisha hadi kwenye tangi la kilimani, na kutoka huko yanashuka kwenye karakana na kwenye nyumba za watu. Pampu nne, chumba kimoja cha kuongozea, zamu tatu zinazobadilishana saa kila wiki. Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino na shahada ya historia. Nilikuwa nimesoma miaka mitano Lubumbashi. Ningeweza kukueleza kwa nini falme kadhaa zilianguka, lakini sikujua vali inafungwa kwa kuzungushwa upande gani. Waliniajiri kuwa karani wa kuandika vipimo, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Mwandiko umeharibika siku nyingi, lakini kazi nilibaki nayo.

Mkuu wa zamu aliyenipokea alikuwa Papa Kalenga, mtu wa Kapolowe, mrefu, mwenye nguo za kazi zilizopigwa pasi hadi zikaweza kusimama zenyewe. Aliangalia miguu yangu, kisha akaangalia sakafu yetu ya chuma yenye matundu.

"Mama Numbi, ile bilato itabaki mu matundu. Kesho ukuye na ingine."

Nikavivua, na zamu ya kwanza ya maisha yangu nikaifanya peku.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kupokezana zamu, ambako kwetu kila mtu anakuita remise. Anayetoka anasoma daftari la zamu kwa sauti, mstari kwa mstari. Anayeingia anaenda kwenye kila pampu, anaweka kiganja wazi juu ya nyumba ya beringi, pale mhimili wa pampu unapozungukia, anahesabu hadi kumi. Akimaliza kumi, anatia sahihi. Mkono ukishindwa kufika kumi kwa joto, hatii sahihi, na anayetoka haendi nyumbani.

"Papa, juu ya nini tuguse, na thermomètre iko?" nikamuuliza sababu, kwa kiburi cha mtu aliyetoka chuo kikuu.

"Thermomètre haina na ngozi," akajibu.

Sheria yake ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Alichukia waendeshaji wanaowasha pampu mbili kwa pamoja saa ya mwisho ili wakabidhi tangi lililojaa. Namba inapendeza daftarini, lakini mwenzako anarithi beringi zinazochemka. "Tangi ikiwa nusu, unaacha nusu," alisema. "Ile tangi haina ya kwako. Uliikuta mu njia, utaiacha mu njia."

Kompyuta ilikuja mwaka wangu wa tatu, nilipokuwa tayari nina zamu yangu, pamoja na mafundi wawili na waya mrefu uliopanda hadi kilimani. Kazi yake ilikuwa kutuonyesha kiwango cha maji. Ilituonyesha kwa msimu mmoja, kisha jembe la mtu likakata waya, na hakuna aliyekuja kuunga. Hakuna pia aliyetia sahihi ya kuiondoa, kwa hiyo ikabaki pembeni ya dirisha, skrini yake ya kijani ikiwaka bure. Aliyegundua kwamba tumboni mwake kuna mchezo alikuwa Tshibangu wa zamu ya pili. Babu yake alitoka Kasai kuja kuwa karani wa mgodi, na Tshibangu alirithi kalamu ya babu na ulimi ambao haujawahi kwenda likizo.

Jina la mchezo hatukulijua kamwe, kwa sababu picha ya mwanzo ilikuwa imeharibika na kuonyesha mistari tu. Ulikuwa kwa Kifaransa. Mji umeungua. Familia sitini zinatoka na ng'ombe, ngano na mikokoteni kutafuta bonde la kujenga upya, na wewe ndiye kiongozi wao. Kila siku unachagua: kutembea, kupumzika, kuwinda, kujenga kivuko, kuongea na mtu usiyemjua njiani. Huyo mtu anaweza kukupa ramani au kukuibia mbuzi. Nusu yake ilikuwa safari na mafumbo, nusu nyingine hesabu ya ngano. Kila familia ilikuwa doa dogo lenye kitu kama kofia. Ukizitazama muda mrefu, unaanza kuzitofautisha, na hapo ujue umekwisha.

Kulikuwa na tatizo moja. Ukitaka kuhifadhi mchezo, mashine ilijibu: ingiza disketi B. Disketi B haikuwepo, na tulipotafuta sana tukagundua kwamba hata tundu la kuiingiza halikuwepo. Maana yake, siku mashine itakapozimwa, familia zitarudi kwenye mji unaoungua.

Papa Kalenga alitukuta mimi na Tshibangu mbele ya skrini saa ya kubadilishana zamu. Nikajiandaa kutukanwa.

"Bale bantu banaenda wapi?" akauliza.

"Banatafuta mahali pa kujenga, Papa."

"Na saa weye unaenda ku nyumba, nani anabachunga?"

Kesho yake alikuja na daftari la bluu, la mistari ya miraba, na amri zake. Kila zamu itacheza siku mbili tu za mchezo, baada ya vipimo, pampu zikiwa tulivu. Kila uamuzi utaandikwa, pamoja na sababu yake. Na familia zitakabidhiwa kama pampu: kwa kusoma kwa sauti na kwa sahihi mbili. Mashine akaiunga mwenyewe kwenye betri kubwa za chumba, zile za king'ora na simu, ili umeme ukikatika kidogo, kama ulivyozoea, watu wetu wasipotee.

Ninalo daftari hilo hapa mezani. Tshibangu anaandika: "Siku ya 31. Tuko pa muto. Ule bwana wa bwato anaomba mbuzi mbili juu ya kutuvusha. Nilimuambia kesho. Ni mwizi, lakini bwato ni yake." Chini yake, kwa herufi zilizosimama kama askari, Papa Kalenga: "Siku ya 33. Nililipa mbuzi moja na jembe moja. Familia 60 zimevuka. R.A.S." Herufi hizo tatu ndizo tunazofungia kila zamu. Ni za Kifaransa, na maana yake ni kwamba hakuna la kutangaza. Mimi nilichora ramani kwenye miraba, nikatia na maelezo marefu ya kihistoria ambayo hakuna aliyeyasoma.

Sasa nafika kwenye aibu yangu. Siku ya 88 ya safari, Papa Kalenga akiwa likizo, familia zilianza kupanda mlima. Vidoa vya kijani vikaanza kuanguka kutoka juu ya skrini, polepole, vikarundikana juu ya mawe. Mimi ni mtoto wa Likasi. Nimekua nikiokota mawe ya kijani njiani kwenda shule, na kila mtoto wa hapa anajua kijani kikilala juu ya jiwe ni nini. Nikaandika nusu ukurasa: hili ni vumbi la malakiti, maana yake kuna shaba, na historia inatufundisha kwamba mji usio na madini haudumu. Nikaamuru familia zisimame zichimbe.

Tshibangu akapokea zamu, akasoma, akapiga meza. "Eeh, Mama Histoire! Leo masomo yako imefanya kazi!" Akafungua shimo la pili.

Familia zikawa hamsini na nane. Tukadhani mashimo yanaporomoka. Kwa hiyo tukachukua kuni zote za mikokoteni tukazifanya nguzo za kushikilia udongo, kama wanavyofanya wachimbaji. Zikawa hamsini na nne. Zikawa arobaini na tisa.

Papa Kalenga aliporudi alisoma kurasa hizo akiwa amesimama, bila kuvua kofia. Kisha akatuita mbele ya skrini.

"Mama Numbi. Chini kule, majani ilikuwa rangi gani?"

"Kijani, Papa."

"Na maji?"

"Kijani."

"Na ng'ombe?"

Skrini nzima ilikuwa na rangi moja tu, na nilikuwa nimeitazama wiki baada ya wiki.

"Ile njo baridi ya Bulaya," akasema. "Ile mvua yabo ya kuganda. Balikuwa banatetemeka, na mulibanyanganya kuni."

Ilikuwa theluji. Mimi nilisema tuzime, tuanze upya, nifute ukurasa wangu. Papa Kalenga akaweka kidole juu ya daftari.

"Kufuta, hapana. Ulizima pampu vibaya, unaandika: nilizima pampu vibaya. Bale kumi na moja balikufa. Tunaenda na bale arobaini na tisa."

Tukaenda nao. Wakashuka upande wa pili wa mlima, ngano ikiwa kidogo, na sisi tukawa wabahili kama mama mkwe. Kila zamu ilikuwa na shauku moja tu, kufika bondeni kabla Papa Kalenga hajastaafu, kwa maana karatasi yake ilikuwa imekwisha kutoka na siku yake ya mwisho ilikuwa Jumamosi ya wiki mbili mbele. Yeye alianza kufika kazini dakika kumi kabla ya wakati, na kwanza alikuwa anaenda kwenye skrini.

Kisha radi. Ilikuwa asubuhi ya masika, zamu yangu, niko peke yangu. Laini ya umeme inayotoka kwenye bwawa la Koni ikapigwa, pampu zote nne zikasimama, na kwenye chumba zikabaki betri tu. Umeme kukatika kidogo, kwetu, ni saa moja. Saa ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Sindano ya betri ikaanza kushuka. Betri hizo zinalisha king'ora cha tangi, simu ya kwenda karakana, na kwa wema wa Papa Kalenga, mashine yetu. Maji yalikuwa yanaendelea kushuka nyumbani kwa watu. Tangi likikauka bila king'ora, hewa inaingia kwenye mabomba, na siku mbili hakuna atakayeoga wala kupika. Nilipiga hesabu mara tatu, nikitumaini kwamba mwanahistoria amekosea. Alikuwa sahihi. Nikatoa waya wa mashine. Skrini ikajikunja ikawa nukta moja, na nukta ikazimika.

Papa Kalenga aliingia saa nane, mvua ikimchuruzika.

"Alarme?"

"Inafanya, Papa."

"Téléphone?"

"Iko."

Akatazama dirishani. "Bantu betu?"

"Nilibazima. Saa tano na nusu. Niliandika."

Alienda kwenye pampu zilizokuwa baridi, akaweka kiganja juu ya kila moja, akahesabu kumi kamili. Akarudi, akatia sahihi. "Remise ni muzuri," akasema. Kisha akakaa, jambo ambalo hakulifanya kamwe wakati wa kazi. "Kaye ya bulu iko wapi?" Nikampa lile daftari.

Umeme uliporudi tuliwasha, na tukagundua jambo ambalo tungeligundua mapema kama tungekuwa na akili. Mchezo ule haukuwa wa kubahatisha. Ukifanya lile lile siku ile ile, ulijibu vile vile, kama pampu. Na sisi tulikuwa na kila uamuzi kwa maandishi, pamoja na mbuzi wa bwana wa bwato. Zilikuwa zimebaki zamu saba kabla ya Jumamosi ya Papa Kalenga, kwa kila mmoja wetu. Akalegeza amri moja tu: badala ya siku mbili kwa zamu, siku mbili baada ya kila kipimo, na vipimo ni vitatu kwa zamu. Tukaanza tena kutoka kwenye moto, tukifuata maandishi, mmoja akisoma, kidole cha mwingine kwenye kitufe. Sijawahi kufanya kazi kwa ukali wa namna ile. Vipimo havikukosekana hata kimoja, kwa sababu bila kipimo hakuna siku.

Alhamisi tulifika chini ya mlima, siku ya 86. Familia sitini. Kurasa zangu za malakiti zilikuwa mbele yetu, na safari hii tulijua. Kulikuwa na njia mbili. Kupita sasa hivi bila kusimama, tukipoteza familia chache, na Tshibangu alikuwa amehesabu kwamba tungefika bondeni Jumamosi kabla ya saa nane. Au kupiga kambi, kukusanya kuni, na kungoja baridi iishe. Lakini kutoka chini ya mlima hatukuwa tena na maandishi ya kufuata, kila siku ingetaka kufikiriwa, tungerudi kwenye siku mbili kwa zamu, na Papa Kalenga angetoka kabla.

"Tupite, Papa," nikasema. "Tutapoteza tatu, pengine ine. Lakini utabaona bakifika."

"Nitaona bale tatu?"

"Papa, ni jeu tu," akasema Tshibangu, na sauti yake haikuamini kwamba ni mchezo tu.

"Jumamosi ni siku yangu. Haina siku yabo." Akachukua kalamu. "Muandike: tunakata kuni."

Jumamosi nilipokea zamu kutoka kwake kwa mara ya mwisho. Akasoma pampu. Nikagusa, nikahesabu. Tangi lilikuwa robo tatu, na hakuliongeza. Akafungua daftari la bluu: "Siku ya 97. Familia 60. Beko chini ya mulima, bananyamaza, bananingoja. Kuni iko. Ngano iko. R.A.S." Hapo kwenye "bananingoja" sijui kama alitaka kuandika "banangoja" tu, na sikuuliza. Akanionyesha skrini kwa kidevu. Nikafikiri ananitania. Hakuwa ananitania. Nikaweka kiganja juu ya kioo, kilikuwa na uvuguvugu, nikahesabu hadi kumi, nikatia sahihi. Akachukua kikombe chake cha bati, akaenda.

Tulivuka mlima wiki ya pili baada yake, jua likiwa limerudi, hakuna aliyekufa. Siku tuliyofika kwenye lango la bonde, Tshibangu alikataa kwenda nyumbani, tukabonyeza pamoja. Skrini ikawa tupu. Kisha ikaandika: ingiza disketi B.

Tshibangu aliteleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni kwa kucheka. "Bantu sitini! Mulima! Baridi! Na mulango iko na disketi!"

Tulijaribu kila kitufe. Mwisho wa mchezo ulikuwa kwenye disketi hiyo, haukuwa kwetu. Nikaandika: "Familia 60. Zimefika," na mstari wa anayepokea nikauacha wazi.

Jumapili nilienda Kapolowe na daftari la bluu. Nilimkuta Papa Kalenga kwenye shamba lake la mahindi, suruali ikiwa imepigwa pasi. Hakuniuliza habari ya nyumbani.

"Ngapi?"

"Sitini, Papa."

Akafunga macho kidogo. "Uliona bakiingia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya kusema ndiyo. "Hapana. Pa mulango ilituomba disketi B."

Aliomba kalamu. Neno langu "zimefika" akalipiga mstari mmoja ulionyooka, ili lisomeke bado, na juu yake akaandika: "Ziko pa mulango. 60. R.A.S." Akaweka kiganja juu ya ukurasa, midomo ikihesabu. Kisha akatia sahihi pale palipoandikwa anayepokea.

Mashine ilikufa miaka mingi iliyopita. Nadège aliwahi kuniambia kwamba kwa simu yake angeutafuta mchezo huo na kunionyesha mwisho kwa dakika tano. Nilimwambia remise imekwisha kusainiwa.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yangu ya mwisho. Wenzangu walikuwa wamepanga soda na keki kwenye meza ya vipimo. Tangi lilikuwa nusu. "Mama Numbi, tuwashe pampu ya ine kidogo, utoke na tangi ya kujaa, tupige photo," akasema mmoja. Nikamkatalia. Nikasoma daftari kwa sauti. Skrini mpya, yenye rangi zote, ilisema kila joto liko sawa. Nadège akaenda kwenye pampu kama nilivyomlazimisha tangu alipoajiriwa, huku wenzake wakimcheka. Ya kwanza, kumi. Ya pili, kumi. Ya tatu, akafika saba, akautoa mkono.

"Mama, miye sisaini."

"Skrini inasema nini?"

"Inasema muzuri. Lakini sisaini."

Nikaweka kiganja changu. Mimi nilifika sita, uzee. Tukaisimamisha, tukawasha ya akiba, tukafungua nyumba ya beringi na kukuta grisi imekauka kama ugali wa jana. Ilichukua saa mbili na nusu. Soda zilipata joto na keki ikaliwa na wenzangu waliokuwa wakingoja kutoka. Ndipo nikaandika mstari wa mwisho wa kazi yangu, na kwa mara ya kwanza siku ya kuaga mtu, haukuwa na zile herufi tatu: "Pampu ya tatu, beringi moto. Imesimamishwa. Imegunduliwa kwa mkono na Nadège. Tangi nusu."

Nadège akasoma, akahesabu kimoyomoyo, akatia sahihi. Nikavua buti za kazi, nikavaa viatu vyangu, nikaenda.